Sikuwa Abiria: Barua ya Wazi kwa Mwenye Dhamana ya Usalama Kazini

Mheshimiwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima wa afya, na umekaa. Nasema umekaa kwa sababu habari yangu yote ni ya kukaa, na mimi katika miaka 6 ya kuhudumia abiria kwenye basi la Dar es Salaam kwenda Mbeya, nimekaa kidogo sana.

Jina la ofisi yako silitaji. Ukifika katikati utajijua. Kampuni nayo siitaji, maana mdogo wangu bado anaosha mabasi na kuziba pancha kwenye gereji ya kampuni hiyo, na nyumbani tunakula kwa jasho lake.

Ninachokuandikia ni neno moja tu, lililoandikwa kwa kalamu ya bluu kwenye PF3 yangu, ile fomu ya polisi ya majeruhi. Neno lenyewe ni "abiria".

Mheshimiwa, sikuwa abiria. Siku ile ya Desemba niliamka saa 8 usiku, nikafika stendi ya Mbezi saa 10 alfajiri, nikapanga mabegi kwenye buti na kuyabandika namba, nikahesabu kreti za soda na katoni za maji, nikagawa mifuko ya kutapikia. Saa 12 kamili gari likatoka. Nikashika maiki, nikawakaribisha watu, nikawaambia kila mmoja afunge mkanda kwa usalama wake. Nikayasema hayo nimesimama, nimejishikilia bomba la mlangoni, kama nilivyoyasema kila safari kwa miaka 6. Hakuna abiria aliyewahi kuniuliza, "Na wewe, dada, mkanda wako uko wapi?" Siwalaumu. Kuuliza hivyo ilikuwa kazi ya ofisi yako.

Basi lile lina siti 57 za abiria na moja ya kukunja, pale mbele karibu na mlango. Hiyo ya kukunja ndiyo siti ya mhudumu. Aliyeliunda gari huko kwao aliona kwamba kutakuwa na binadamu anayehudumia, na kwamba binadamu huyo ana makalio. Akamwekea siti na mkanda. Msimu wa sikukuu ukifika, siti hiyo inauzwa. Haimo kwenye mfumo wa tiketi, kwa hiyo anayeinunua anapewa kikaratasi cha mkono, na hela yake haifiki kwenye hesabu ya tajiri wala ya Serikali. Siku ile ilikaliwa na mzee mmoja mstaarabu aliyekuwa anawahi msiba Makambako. Mimi nikachukua kreti tupu ya soda, nikaigeuza, nikakunja khanga juu yake, nikakaa kwenye kona ya ngazi. Ndiyo ilikuwa siti yangu kila Desemba, kila Pasaka, na kila shule zinapofungwa.

Saa 6 kasoro mchana tulikuwa ndani ya hifadhi ya Mikumi. Nilikuwa nimenyanyuka kugawa soda. Twiga akaingia barabarani, kwa mwendo wao ule wa kutojali, na dereva akakanyaga breki. Alifanya sawa, simlaumu hata kidogo. Abiria 57 walivutwa na mikanda yao, wakarudi mahali pao. Mzee wa Makambako naye mkanda ulimshika, mkanda wangu. Mimi sikuwa na cha kunishika. Nilipita katikati ya gari na sinia mkononi hadi nikapiga deshibodi kwa bega la kulia. Mtulinga ukavunjika na bega likatoka. Baba mmoja wa siti za mbele alilalamika kwamba suti yake imemwagikiwa Fanta.

Twiga alivuka salama, namshukuru Mungu. Pale Mikumi pembeni ya barabara kuna bango lenye orodha ya wanyama na faini ya kila mmoja ukimgonga. Nimelipita mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Tembo ana bei yake, twiga ana yake, hata ngiri ana yake. Nikiwa nimelazwa kwenye ngazi za gari, jasho linanitoka, niliwaza kwamba ningekuwa na kwato ningekuwa kwenye orodha fulani.

Tulipofika kituo cha polisi, askari alimuuliza konda, "Huyu ni nani?" Konda alikuwa ametoka kuongea na simu ya ofisini kwetu. Akajibu bila kunitazama, "Abiria, anakwenda Mbeya." Mheshimiwa, nilikuwa nimevaa sare. Jina la kampuni lilikuwa kifuani kwangu, limedariziwa kwa uzi wa njano. Askari akaandika "abiria".

Neno hilo limefanya kazi kubwa kuliko breki. Nilipokwenda kudai fidia ya mfanyakazi aliyeumia kazini, nikaambiwa karatasi zinaonyesha mimi ni abiria. Nikaenda kwa watu wa bima ya gari, maana abiria akiumia bima inamhusu. Wakaniomba tiketi. Sina. Wakaniomba namba ya siti. Mheshimiwa, nikawaambia kreti. Yule kijana wa bima alicheka, kisha akaona aibu, akaniombea chai. Kwa hiyo kwenye mfuko wa wafanyakazi mimi ni abiria, na kwenye bima ya abiria mimi ni mfanyakazi. Mkono wangu wa kulia hauvuki bega, na hadi leo haujaamuliwa ni mkono wa nani.

Ndipo nikaja kwako. Nimekuja mara 4. Mara ya kwanza mhusika alikuwa semina. Mara ya pili faili lilikuwa halionekani. Mara ya tatu nikaonana na afisa wako, kijana nadhifu mwenye kiti kizuri cha kuzunguka, akaniambia kwa upole kwamba ninyi mnakagua maeneo ya kazi, na basi ni chombo cha usafiri. Mara ya nne nikapewa barua ya aya mbili, aya ya pili ikinitakia afya njema. Nayo imeniita "abiria uliyepata majeraha".

Nimekaa nyumbani miezi 7, na mwenye mkono mmoja ana muda wa kusoma. Nimesoma. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ni ya mwaka 2003. Shirika la Kazi Duniani, kwenye Mkataba wake namba 155 wa mwaka 1981, linasema mahali pa kazi ni kila mahali mfanyakazi anapolazimika kuwepo au kwenda kwa sababu ya kazi yake, pakiwa chini ya mwajiri. Sasa mhudumu wa basi analazimika kuwepo wapi, Mheshimiwa? Angegawa soda akiwa kwao Mbagala? Juni 2022 shirika hilohilo likaiingiza haki ya mazingira salama na yenye afya kazini kwenye haki za msingi za mfanyakazi. Na kila tarehe 28 Aprili, siku ya usalama na afya kazini, huwa nawaona kwenye televisheni, mna fulana na kofia. Zinawapendeza.

Mkasema sina mkataba wa maandishi. Ni kweli, sina, na sijui mhudumu wa basi mwenye nao. Lakini Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ndiye aandike, na mgogoro ukitokea naye akashindwa kuleta maandishi, mzigo wa kuthibitisha masharti ya kazi unamwangukia yeye. Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka huohuo inasema mtu anachukuliwa kuwa mwajiriwa likiwepo hata jambo moja kati ya kadhaa, mojawapo likiwa kumfanyia mwenzake kazi kwa wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi 3 iliyopita. Kwa mwezi! Mimi nilikuwa natembea safari 6 kwa wiki, na safari moja haipungui saa 13. Jumatatu nikianza, hizo saa 45 Alhamisi nimeshazipita. Jambo jingine ni kupewa vitendea kazi na huyo mtu. Sare walinipa wao, maiki yao, sinia lao. Hata kreti ilikuwa yao.

Na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, uliotokana na sheria ya mwaka 2008, unachangiwa na mwajiri peke yake. Mfanyakazi hakatwi hata senti. Kumbe kuniita mfanyakazi kusingenigharimu mimi kitu. Kungemgharimu tajiri. Nadhani hapo ndipo kalamu ya bluu ilipopata wino.

Nina mengine, nitayapitisha haraka kwa sababu najua una vikao. Utingo analala ndani ya buti juu ya mizigo ya watu. Tangu mabasi yaruhusiwe tena kutembea usiku mwaka 2023, madereva wanapokezana usukani, mhudumu hapokezani na mtu. Mdogo wangu anaingia uvunguni mwa gari la tani nyingi lililonyanyuliwa kwa jeki moja, na jiwe limekingwa kwenye tairi moja. Kuhusu choo, na mikono ya baadhi ya abiria wa siti za nyuma, nitakuandikia siku nyingine.

Lakini tusiliache neno letu. Basi lile lina kifaa kinachojua limekwenda kilomita ngapi kwa saa na limesimama wapi. Likizidisha 80 linapiga kelele lenyewe. Trafiki wanahesabu abiria mlangoni kwa kidole. Hakuna mtu, katika vituo vyote vya ukaguzi kati ya Mbezi na Mbeya, aliyewahi kuuliza wahudumu ni wangapi na wanakaa wapi. Nchi hii inamhesabu mwenye tiketi. Anayembebea begi, anayemfutia matapishi mtoto wake, anayemwamsha akifika Mafinga, huyo hayupo mpaka aumie, na akiumia anapewa tiketi ya uongo ili asiwepo tena. Wapo wa kwenye malori, wapo wa kwenye boti, wapo mafundi wa juu ya maghorofa. Sijui wenzangu hao nao huandikwa nani wakianguka. Wapita njia, labda.

Ninachoomba hakihitaji bajeti. Ofisi yako iandike barua nyingine, aya moja inatosha, isemayo kwamba siku ile nilikuwa kazini. Halafu uje stendi mwenyewe alfajiri moja ya msimu wa sikukuu, bila msafara na bila kutangaza, uingie kwenye basi lolote, uombe kuonyeshwa siti ya mhudumu. Ukikuta imekaliwa na mwenye kikaratasi, mwombe radhi mzee wa watu, na gari lisitoke.

Mimi nilikuwa msusi kabla ya kuingia kwenye mabasi, nikadhani kazi ikinikataa nitarudi kwenye ususi. Ususi unataka mikono miwili juu ya kichwa cha mtu kwa saa 5.

Nafasi yangu imechukuliwa na binti wa miaka 22. Juzi alinipigia simu kutoka Mbeya, ana heshima sana, kila sentensi ananiita dada. Alitaka kujua nilikuwa nafanyaje ili kreti isiteleze kwenye kona za Kitonga. Nimemwambia khanga aiweke chini ya kreti, asiweke juu.

Wako,
Aliyekuwa mhudumu wa basi,
Mbagala, Dar es Salaam.