Biharusi, jagi la povu halichemshi maziwa

Dada zetu wa Unguja na Pemba, tunawaandikia kutoka Miyuji, Dodoma.

Tangu Serikali itangaze kuhamia huku mwaka 2016, tumewapokea mabiharusi wengi wa visiwani waliowafuata waume zao makazini. Tunawashonea mapazia, tunawasaidia kufungua maboksi. Siku hizi ndani ya maboksi halikosi lile jagi la umeme la kutoa povu la maziwa, ili bwana aamkie kapuchino. Wengine wameliandika kwenye orodha ya vyombo juu ya sufuria ya wali! Sisi tunasema wazi: liondoeni kwenye orodha hiyo. Na sababu yetu ya kwanza wala si bei.

Yuko muuzaji anayewaambia wateja kwamba jagi lake linachemsha na kutoa povu kwa pamoja, kwa hiyo jiko halihitajiki. Si kweli. Majagi mengi ya aina hii hupasha maziwa hadi nyuzi 60 au 65 hivi, kwa dakika mbili tatu, kisha hujizima. Yametengenezwa hivyo makusudi, maana povu hutulia vizuri katika joto hilo, na maziwa yakizidi nyuzi 70 ladha huanza kubadilika. Waliyoyabuni walikuwa wanamfikiria mtu anayefungua pakiti ya maziwa ambayo kiwanda kimeshayaua vijidudu. Huku kwetu maziwa huja asubuhi ndani ya dumu, juu ya baiskeli au bodaboda, moja kwa moja kutoka zizini. Kuua vijidudu vya maziwa mabichi kiwandani huhitaji nyuzi 63 kwa dakika 30 kamili, au nyuzi 72 kwa sekunde 15. Jagi halifiki huku wala kule. Biharusi anayemimina maziwa ya dumu ndani yake na kubonyeza kitufe anamnywesha mumewe maziwa mabichi yaliyopambwa povu.

Maziwa mabichi yanaweza kuleta brusela: homa inayokwenda na kurudi, jasho la usiku, viungo kuuma, na dawa za kumeza wiki kadhaa. Kifua kikuu cha ng'ombe nacho hupita njia hiyo hiyo. Kwa mjamzito brusela inaweza kuharibu mimba, na biharusi wa leo ndiye mjamzito wa kesho, Insha'Allah. Sasa mtu akituambia tunaingilia mapambo ya jiko la wenyewe, tumjibu nini?

Maziwa ya dumu yachemsheni kwenye sufuria, kwenye moto, mpaka yapande na kutokota. (Dodoma iko juu, karibu mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, kwa hiyo maji huku huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, si 100. Zinatosha kabisa.) Yakishatokota, kazi ya moto imekwisha, kilichobaki ni kuyatia hewa tu. Ndiyo maana tunasema jagi la umeme ni kununua moto mara ya pili, tena moto mdogo kuliko ule wa kwanza. Na likikatika umeme asubuhi, limebaki pambo la kabati.

Cha kutia hewa kipo cha bei ndogo. Mchapo mdogo wa betri, ule wenye waya wa mviringo kwenye ncha, unatosha vikombe viwili vya mke na mume. Chujeni utando wa maziwa kwanza, msiutupe, ni mtamu kwa mkate. Acheni maziwa yatulie kidogo, kisha wekeni ncha karibu na uso wa maziwa mpaka povu lianze, ndipo mshushe chini polepole ili mapovu makubwa yavunjike. Wenye wageni wachukue jagi la kahawa la kusukuma kwa mkono, lile lenye chujio ndani. Jazeni theluthi moja tu, maana maziwa hupanda, na sukumeni mara 20 au 30. Halitaki betri wala umeme. Kinachoshika povu ni protini ya maziwa; mafuta hufanya povu liwe zito na laini. Kwa hiyo maziwa yaliyotiwa maji hayatoi povu la maana hata ukiyapigia mashine ya hotelini. Sisi tunaoshona tunalijua jambo hili: cherehani ya kiwandani haimsaidii aliyekata kitambaa kibovu.

Kikombeni wekeni Africafe, ile ya Bukoba, kijiko kimoja kwa maji moto kidogo, na hiliki kwa apendaye. Asubuhi za Juni na Julai Miyuji ina baridi ambayo kisiwani hamuijui, na kahawa ya maziwa hapo ni haki yake.

Tunajua mtajibu kwamba kumpendezesha mume ni ibada. Ndiyo, na hatulikatai hilo. Lakini aya ya 31 ya Surat Al-A'raf imetaja kula na kunywa kwa jina pale inapokataza israfu, na hapa israfu mara nyingi haifanywi na biharusi mwenyewe. Anabebeshwa shangazi aliyekopa kikoba ili jina lake lisisomwe mwisho kwenye zawadi. Wacha Mungu wa Yemen katika karne ya 15 waliinywa kahawa ili wakeshe kwenye dhikri, na hatujasikia kwamba walikuwa na jagi la umeme! Anayefungua mgahawa anunue mashine ya mvuke, hiyo ni mtaji wake. Mke wa nyumba ya vikombe viwili hana hesabu hiyo.

Mama na masomo mnaoandika orodha, pale palipoandikwa jagi wekeni sufuria nzito yenye mfuniko, chujio la waya mwembamba na mchapo mmoja. Huo mchapo mwambieni biharusi auoshe pale pale kwa kuuzungusha ndani ya maji moto yenye sabuni kidogo. Kwa joto la Oktoba la huku, maziwa yakikaukia kwenye waya yatakuwa yamechacha kabla ya adhuhuri.