Kabla hujauza ng'ombe kwa ajili ya viza ya muuguzi

Pamba ikishauzwa na fedha za AMCOS zikishaingia, mazungumzo katika kaya nyingi za Shishiyu, wilayani Maswa, hubadilika. Huyu anataka bati, yule anataka maksai wa kulimia, mwingine anakumbusha ada ya chuo. Miaka hii kuna jambo jipya linalowekwa mezani pamoja na hayo: viza.

Chukulia kaya moja ya aina hiyo. Binti mkubwa ana stashahada ya uuguzi na leseni yake. Anajitolea katika kituo cha afya kwa posho isiyozidi nauli, huku akisubiri majina ya ajira za Serikali. Ana mtoto wa miaka 4. Jioni moja anakuja mtu, rafiki wa shemeji, na habari njema: Uingereza wanatafuta watu wa kulea wazee. Hakuna mtihani. Zinatakiwa shilingi milioni 12, nusu itangulie, na nafasi zinafungwa Ijumaa.

Baba anatoka nje, anasimama karibu na zizi na kuhesabu kimya kimya. Ni kama ng'ombe 10.

"Mwanangu, ng'ombe huzaa wengine," anasema. "Nafasi ikipita imepita."

"Baba, nipe muda kidogo," binti anajibu. "Niulize kwanza."

Muda huo anaouomba binti ndio unaoweza kuokoa zizi. Akiuliza mahali sahihi, atagundua kwamba alichouziwa baba yake hakipo tena sokoni, na kwamba njia iliyopo kweli haiuzwi na mtu yeyote.

Mlango uliokwisha kufungwa

Viza ya wafanyakazi wa afya ya Uingereza ilianza Agosti 2020. Ni tawi la viza ya wafanyakazi wenye ujuzi, na kwa miaka kadhaa ilipokea pia wahudumu wa kulea wazee majumbani na katika nyumba za kutunzia wazee. Hapo ndipo madalali wengi, Afrika na Asia, walipopata biashara.

Kuanzia Machi 11, 2024, wahudumu hao walizuiwa kuhamia na mwenzi au watoto. Kisha Julai 22, 2025, Uingereza ikaacha kabisa kupokea maombi mapya ya wahudumu wa wazee kutoka nje ya nchi. Kwa hiyo yeyote anayemwuzia leo mtu wa Shishiyu "viza ya kulea wazee" ya Uingereza anauza tiketi ya basi lililokwisha kuondoka.

Hata waliofika kabla ya mlango kufungwa, si wote walikuta kazi. Kati ya Julai 2022 na Desemba 2024, Serikali ya Uingereza ilifuta leseni zaidi ya 470 za waajiri wa sekta hiyo. Mwajiri akipoteza leseni, mfanyakazi aliyemdhamini hupewa siku 60 kupata mwajiri mwingine au kuondoka. Wapo waliokuwa wameuza mashamba ili kufika huko.

Muuguzi bado anaruhusiwa

Habari njema kwa binti wa Shishiyu ni kwamba kazi ya muuguzi aliyesajiliwa imebaki kwenye orodha. Muuguzi anaweza kuomba viza hiyo, na sheria inamruhusu kwenda na mwenzi na watoto wake walio chini ya miaka 18.

Lakini kuna jambo ambalo kila mzazi wa muuguzi nchini anapaswa kulijua. Shirika la Afya Duniani lina orodha ya nchi zenye upungufu mkubwa wa watumishi wa afya. Orodha ya mwaka 2023 ina nchi 55, na Tanzania ni mojawapo. Nchi zilizomo ni zile ambazo madaktari, wauguzi na wakunga wake hawafiki 49 kwa kila watu 10,000, na huduma za afya bado haziwafikii watu wengi.

Uingereza imeifanya orodha hiyo kuwa orodha yake nyekundu. Maana yake ni kwamba hospitali na mawakala wa huko hawaruhusiwi kuja kuwatafuta na kuwakusanya wauguzi wa Tanzania, isipokuwa serikali mbili ziwe zimekubaliana rasmi. Muuguzi mwenyewe, akiona tangazo la kazi na kuomba kwa hiari yake moja kwa moja kwa mwajiri, hazuiwi.

Kwa lugha ya nyumbani: muuguzi anaweza kwenda kubisha hodi, ila hakuna anayeruhusiwa kuja kumchukua. Hivyo mtu anayezunguka vijijini akisema ametumwa na hospitali ya Uingereza kukusanya wauguzi, amekwisha kujieleza kabla hajataja bei.

Na bei nayo inamfichua. Sheria ya Uingereza inakataza wakala kumtoza mtafuta kazi kwa kumtafutia kazi. Hati ya udhamini, ambayo ni namba maalumu anayoitoa mwajiri na ambayo bila hiyo hakuna viza, hulipiwa na mwajiri. Tangu Desemba 31, 2024, mwajiri haruhusiwi kumrudishia mfanyakazi gharama hiyo. Anayesema "lipia hati ya udhamini" anauza kitu ambacho hakipaswi kuuzwa.

Viza huja mwisho

Kosa la kaya nyingi ni kuanza na viza. Katika safari hii viza ni hatua ya mwisho, na kila hatua inategemea iliyotangulia.

Kwanza ni karatasi za nyumbani. Jina kwenye cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha NIDA, cheti cha kidato cha nne, cheti cha chuo, leseni na pasipoti lazima lifanane herufi kwa herufi. Kwa watoto wa vijijini hapa ndipo penye kikwazo cha kwanza: shuleni aliandikwa jina la babu, kwenye NIDA jina la baba, na chuoni wakaongeza la ubatizo. Kurekebisha huchukua muda, hivyo aanze mapema kwa msajili wa RITA wilayani. Pasipoti huombwa Uhamiaji, na ada yake ni Sh150,000.

Pili ni Kiingereza. Baraza la wauguzi la Uingereza, linalojulikana kama NMC, linataka ushahidi wa lugha. Katika mtihani wa IELTS, mwombaji anatakiwa kupata alama 7 katika kusoma, kusikiliza na kuzungumza, na 6.5 katika kuandika. Upo pia mtihani wa OET, uliotungwa kwa ajili ya watumishi wa afya: daraja B, na C+ katika kuandika. Matokeo hudumu miaka 2. Aliyefaulu kwa kiwango cha NMC hahitaji kuthibitisha tena lugha anapoomba viza.

Tatu ni NMC yenyewe kukagua sifa zake. Huuliza chuo alichosoma, na huuliza Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania kama kweli amesajiliwa na hana shauri la kinidhamu. Kwa viwango vya mwaka 2025, ada ya hatua hii ni pauni 140. Kisha hufanya mtihani wa kompyuta, wa hesabu za dawa na maarifa ya uuguzi, kwa pauni 83.

Nne ni kutafuta kazi. Hospitali za umma za Uingereza hutangaza nafasi zao mtandaoni, na kuomba ni bure. Usaili unaweza kufanyika kwa video. Mwajiri akimkubali, jina lake litafutwe kwenye orodha ya waajiri wenye leseni ya kudhamini wageni, ambayo Serikali ya Uingereza huitoa mtandaoni bila malipo. Lisipokuwepo, safari iishie hapo.

Tano ndipo viza. Ada yake kwa miaka 3, kwa viwango vya 2025, ni pauni 304. Mwombaji huonyesha cheti cha kipimo cha kifua kikuu kutoka kliniki iliyoidhinishwa na cheti cha polisi cha tabia njema. Aidha, awe na pauni 1,270 zilizokaa benki siku 28 mfululizo, ambazo ni takribani shilingi milioni 4, isipokuwa mwajiri ameandika kwamba atambeba mwanzoni. Akienda na familia huongezwa pauni 285 kwa mwenzi, 315 kwa mtoto wa kwanza na 200 kwa kila mtoto anayefuata. Hizo ni fedha za kuonyesha tu. Ada ya viza ya kila mmoja ni mbali.

Akifika, bado kuna mtihani wa vitendo, OSCE, wa vituo 10, kwa pauni 794. Baadhi ya waajiri huulipia; ni swali la kuuliza kabla ya kusaini mkataba. Asipopata usajili kamili ndani ya miezi 8 tangu aanze kazi, udhamini wake uko hatarini.

Lugha ndiyo inayowarudisha wengi

Mwaka 2021 Kenya na Uingereza zilisaini makubaliano ya kupeleka wauguzi. Serikali mbili zilikuwa nyuma yao na nafasi zilikuwepo. Hata hivyo aliyekuwa Waziri wa Afya wa Kenya, Mutahi Kagwe, alisema kwamba kati ya wauguzi 300 waliofanya mtihani wa Kiingereza, waliofaulu walikuwa 10 tu. Hao ni watu waliosoma kwa Kiingereza tangu darasani.

Binti wa Shishiyu amesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, nyumbani anaongea Kisukuma, wodini anawaeleza wagonjwa kwa lugha zote mbili. Kiingereza chake ni cha vitabu vya chuo. Hilo si aibu, wala si kizuizi cha milele. Linahitaji miezi ya kusikiliza, kuandika barua za kitabibu kwa kupimwa muda, na kuongea na mtu anayemsahihisha. Kwa sababu hiyo mtihani wa lugha ndio utangulie kulipiwa. Akishindwa, familia imepoteza ada ya mtihani mmoja, na zizi lipo.

Mtoto, bibi na zahanati

Kuna maswali ambayo hayaandikwi kwenye fomu yoyote. Mtoto wa miaka 4 ataenda na mama au atabaki na bibi? Akibaki, kwa muda gani, na nani atasaini karatasi zake za shule na hospitali? Akienda, nani atakaa naye mama akiwa zamu ya usiku, katika mji usio na shangazi wala jirani wa kumwachia?

Kuhusu kipato, muuguzi anayeanza kwenye hospitali za umma za England alilipwa pauni 31,049 kwa mwaka wa fedha 2025/26. Ukiigeuza kwa shilingi ni fedha nyingi mno, lakini ni kabla ya kodi, pango, nauli na gharama ya kupasha nyumba joto. Familia inayotarajia fedha kila mwezi tangu mwezi wa kwanza itamtia binti yake kwenye madeni ugenini. Ni afadhali mwaka wa kwanza uhesabiwe kuwa ni wa kujitegemea tu.

Ipo pia zahanati. Tanzania haipo kwenye orodha nyekundu kwa bahati mbaya. Wajawazito wa Simiyu wanajua maana ya kufika kituoni na kukuta mhudumu mmoja. Lakini deni hilo haliwezi kuwekwa mabegani mwa binti mmoja ambaye amesoma, amesajiliwa na hana ajira. Anayejitolea bila mshahara hapaswi kuambiwa kwamba akiondoka amewasaliti wagonjwa.

Maswali ya jioni ile

Rafiki wa shemeji akirudi Ijumaa, familia haina haja ya kugombana naye. Imuulize mambo manne tu. Jina la mwajiri ni lipi, ili litafutwe kwenye orodha ya wenye leseni? Kazi yenyewe inaitwaje kwenye mkataba, muuguzi au mhudumu wa wazee? Fedha hizi ni za nini, na risiti inatolewa na nani? Na leseni yake ya uwakala wa ajira iko wapi? Wakala anayepeleka watu nje lazima awe nayo, na TaESA, wakala wa Serikali wa huduma za ajira, inaweza kuulizwa kuhusu leseni hiyo. Mtu mkweli atajibu yote manne kabla chai haijapoa.

Kisha baba na binti warudi kwenye hesabu yao. Ng'ombe 2 wanaweza kutosha pasipoti, mtihani wa lugha, ukaguzi wa NMC na mtihani wa kompyuta, na tena si lazima wauzwe siku moja. Auzwe mmoja kwa ajili ya pasipoti na Kiingereza. Wa pili asubiri matokeo. Wanane waliobaki waendelee kulala zizini, maana mvua za kwanza zikinyesha shamba la pamba litawahitaji, binti awe Maswa au awe Manchester.