Kukabidhi si Kutupa

Programu ya kompyuta nayo huzeeka. Kampuni iliyoitengeneza huichoka, mafundi wake huhamia kwingine, na ofisi, shule na zahanati zilizoizoea hubaki njia panda. Je, yafaa ikabidhiwe jumuiya ya mafundi wa kujitolea? Sisi twasema yafaa, ila kwa masharti.

Mfano tunao katika lugha yetu. Mwaka 2000 kampuni ya Sun Microsystems ya Marekani iliufungua kwa watu wote msimbo wa programu yake ya kuandikia barua na kupigia hesabu, ikaitwa OpenOffice. Kwa kuwa mlango ulikuwa wazi, mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliitoa kwa Kiswahili, ikaitwa Jambo OpenOffice. Mwaka 2010 kampuni ya Oracle iliinunua Sun. Mafundi wengi, wakihofia hatima ya kazi yao, walijitenga mwaka uleule wakaanzisha LibreOffice. Oracle ilipoikabidhi OpenOffice kwa shirika la Apache mwaka 2011, mikono mingi iliyoijua kazi ilikwisha kuondoka. LibreOffice imestawi, OpenOffice imedhoofika. Makabidhiano yalichelewa.

Sisi wa Dodoma, nchi ya mvua haba, tumeyaona hayo katika maji. Sera ya Maji ya mwaka 2002 iliwapa wanavijiji umiliki wa miradi yao, na hiyo ilikuwa haki. Lakini pampu iliyokabidhiwa bila vipuri, bila fundi na bila mfuko wa matengenezo haikukawia kunyamaza, na akina mama wakarudi kufukua mchanga makorongoni. Ndiyo maana sheria ya mwaka 2019 iliunda RUWASA, ili vyombo vya maji vya jamii visiachwe peke yao.

Basi anayekabidhi programu na akabidhi mapema, pamoja na msimbo wote, jina lake na maelezo ya kazi, na mafundi wa zamani wakae kwanza na wapya. Nasi tunaopokea tuna wajibu: tuchange, na vijana wetu wajifunze. Kamati zinazonunua programu ya kutunzia hesabu au rejista ziulize kabla ya kulipa: siku muuzaji akifunga duka, kumbukumbu zetu zitafunguliwa na nani? Asiyeweza kujibu swali hilo, tusimkabidhi kumbukumbu za watu.