Kisima bila wasimamizi ni shimo tu

Kila ukame unapolikumba eneo hili la Kaskazini Mashariki, ahadi huwa ni ile ile: visima vitachimbwa. Waheshimiwa huwasili, utepe hukatwa, picha hupigwa na hotuba hutolewa. Kisha msafara hurudi mjini na vumbi lake hutua. Swali ambalo aghalabu haliulizwi siku hiyo ya sherehe ndilo ninalotaka kuliuliza leo: pampu hii itakapoharibika, ni nani atakayeitengeneza, na kwa fedha za nani?

Nawaelekezea swali hili hasa walimu na wanafunzi. Shuleni ndiko dhiki ya maji huonekana mapema kuliko mahali pengine popote. Maji yakipungua kijijini, madawati ya wasichana ndiyo huanza kubaki wazi, kwani binti hutumwa kisimani kabla ya kutumwa darasani. Mtungi wa lita 20 ukijaa maji una uzani wa kilo 20. Mtoto anayeubeba mgongoni asubuhi na jioni hawezi kutarajiwa kushindana kwa haki na mwenzake wa mjini anayefungua mfereji.

Sisi tunaoishi Waberi, mjini Garissa, tuna Mto Tana karibu nasi. Hata hivyo, mto si jibu la kila kitu. Maji yake huwa na tope, yana mamba, na mafuriko yanapokuja, kama yale ya El Niño ya 1997 na 1998, na yale ya 2023 na 2024, maji huwa tele huku ya kunywa yakiwa adimu. Ukiuacha mto na kuelekea Lagdera au bara ya Fafi, hali ni ngumu zaidi. Huko wananchi hutegemea mabwawa ya mvua, visima vifupi vilivyochimbwa kwenye laga, na visima virefu vyenye mitambo. Wakati wa ukame wa 2020 hadi mwanzoni mwa 2023, misimu mitano ya mvua ilipita mfululizo bila mvua ya kutosha. Mabwawa yalikauka, mifugo ikafa kwa wingi, na malori ya maji yakawa tegemeo la vijiji vizima. Lori likichelewa siku mbili, kijiji kizima hukaa na kiu kikitazama barabara.

Yamkini wako watakaosema kwamba wafugaji hawana uzoefu wa kusimamia visima, kwa hiyo kazi hiyo iachiwe wataalamu. Huo ni upotovu wa historia. Visima vya Wajir na vya El Wak vilitumiwa kwa vizazi vingi kabla ya Mwingereza kuweka bendera yake huku. Jina lenyewe la El Wak lina maana ya visima vya Mungu. Miongoni mwa Waborana, kila kisima kirefu kina msimamizi wa zamu, anayeitwa aba herega, ambaye hupanga ni mifugo ya nani itakayokunywa leo na ya nani itakayongoja. Aliyechimba kisima ana haki yake, jamaa zake wana zao, na mgeni mwenye kiu hana budi kupewa maji ya kunywa hata kama mifugo yake itangoja zamu. Kusafisha kisima na kukarabati hori la kunyweshea mifugo ni wajibu wa wote wanaokitumia. Huo ni utawala kamili, wenye sheria, zamu na adhabu, ingawa haukuandikwa kitabuni.

Kilichouvuruga utaratibu huo ni mtambo. Pampu ya dizeli haiendeshwi kwa nguvu za mikono na nyimbo za vijana. Inataka mafuta, vipuri na fundi. Serikali iliposhika jukumu la visima virefu baada ya uhuru, mwananchi alifundishwa kwamba maji ni ya serikali, na kwamba pampu ikiharibika yeye akae angoje. Mnamo 1974 serikali ilianza kupanga mpango mkuu wa maji ambao lengo lake lilikuwa kila mwananchi awe karibu na maji safi ifikapo mwaka 2000. Mwaka huo ulifika ukapita, na mamilioni ya Wakenya wa mashambani walikuwa bado wanachota maji kwenye madimbwi.

Funzo bora zaidi nchini mwetu lilitoka Kwale, mkoa wa Pwani. Kuanzia 1983, mradi wa pampu za mikono ulianzishwa huko kwa ushirikiano wa serikali, wafadhili na shirika la Kenya Water for Health, ambalo liliundwa mwaka 1976. Wahandisi walikuwa wakitafuta pampu ambayo mwanakijiji angeweza kuitengeneza mwenyewe, na kutokana na majaribio ya Kwale na yale ya Malawi ikapatikana pampu iitwayo Afridev. Sifa yake kuu ni kwamba sehemu zake zinazochakaa ni za plastiki na mpira, na mtu anaweza kuifungua kwa spana moja tu. Hata hivyo, siri ya Kwale haikuwa chuma peke yake. Vijiji viliunda kamati, michango ikakusanywa na kuwekwa benki, na wanawake wakafundishwa kuzitunza na kuzitengeneza pampu. Mama aliyekuwa akibeba maji ndiye aliyekabidhiwa spana. Kwani ni nani mwenye uchungu zaidi pampu inaponyamaza?

Hata hivyo, ukweli lazima usemwe. Kamati pekee haitoshi. Mwaka 2009 mtandao wa kimataifa wa wataalamu wa maji ya mashambani ulikadiria kwamba zaidi ya thuluthi moja ya pampu za mikono barani Afrika, kusini mwa Sahara, zilikuwa hazifanyi kazi. Nyingi kati ya hizo zilikuwa na kamati kwa jina. Kamati ilichaguliwa siku ya uzinduzi, mweka hazina akahama, daftari likapotea, na pampu ilipoharibika hakuna aliyejua fundi anaishi wapi. Watafiti waliofanya majaribio Kyuso, katika Kitui, walionyesha tofauti inayoweza kuletwa na huduma ya ufundi iliyopangwa vyema: muda wa pampu kukaa bila kutengenezwa ulishuka kutoka karibu siku 27 hadi chini ya siku tatu. Kamati za vijiji hazikuondolewa. Zilipewa fundi wa kuaminika ambaye angeitika mara tu anapoitwa.

Kwa hivyo naona kwamba kisima hudumu kikiwa na nguzo tatu: wananchi wanaokimiliki, fundi anayejulikana, na serikali isiyojitoa. Ukiondoa nguzo moja, nyingine mbili huanguka.

Tuanze na wananchi. Michango si lazima iwe mikubwa. Haba na haba hujaza kibaba. Mwalimu wa hisabati na awape wanafunzi wake hesabu hii: tuseme jamaa 60 zinatumia kisima kimoja, na kila jamaa inatoa shilingi 50 kwa mwezi. Kwa mwezi zitapatikana shilingi 3,000, na kwa mwaka shilingi 36,000. Swali la pili ni gumu zaidi: mfugaji akihama na ngamia wake kwa miezi minne, je, alipe au asilipe? Na anayekuja na ng'ombe 200 alipe sawa na mjane mwenye mbuzi watatu? Hapo ndipo kamati inapopata kazi. Haki inaelekeza kwamba mifugo ilipiwe kwa kichwa, maji ya nyumbani yawe kwa bei nafuu, na asiye na uwezo asifukuzwe. Kamati inayotoza wote sawasawa bila kuangalia hali zao itakuwa imemtwika maskini gharama za tajiri.

Jambo jingine ni usafi. Maji yaliyo karibu si lazima yawe salama. Katika mji wa Wajir maji hupatikana mita chache tu chini ya ardhi. Neema hiyo ilizaa tatizo, kwani kwa miaka mingi vyoo vya shimo havikuweza kuchimbwa bila kuchafua visima, na mji ukalazimika kutumia vyoo vya ndoo. Kipindupindu kiliizuru Dadaab mwaka 2015, na mlipuko uliozuka nchini mwaka 2022 ulifika Garissa vile vile. Wanafunzi wa sayansi watakumbuka habari za daktari John Snow wa London, ambaye mwaka 1854 alionyesha kwamba kipindupindu kilikuwa kikienezwa na maji ya pampu moja ya mtaani. Mkono wa pampu hiyo uliondolewa. Funzo hilo lingali hai: kisima kijengewe ukuta wa ndani na kifuniko, maji yanayomwagika yaelekezwe mbali, hori la mifugo liwe kando, na choo kisiwe karibu ya mita 30. Mambo haya hayahitaji shahada ya uhandisi. Yanahitaji mtu aliyepewa mamlaka ya kusema hapana.

Isitoshe, kisima ni suala la amani. Mapigano ya koo yaliyoitikisa Wajir mwanzoni mwa miaka ya 1990 yalichochewa, pamoja na mengine, na ugomvi wa maji na malisho. Waliosaidia kuyazima walikuwa wanawake wa sokoni, walimu na wazee, akiwemo marehemu Dekha Ibrahim Abdi, na kutokana na juhudi zao ikaundwa Kamati ya Amani na Maendeleo ya Wajir mwaka 1995. Ikiwa wananchi hao waliweza kuwaketisha pamoja watu waliokuwa wakimwagiana damu, sioni sababu ya kuamini kwamba wananchi wa leo hawawezi kuketi na kupanga zamu ya kunywesha mbuzi.

Nina neno pia kwa wahisani. Wako wengi wanaochimba visima kama sadaka ya kudumu, na nia yao ni njema. Uislamu unakumbuka namna Uthman bin Affan alivyokinunua kisima cha Ruma kule Madina na kukitoa wakfu kwa watu wote. Lakini wakfu hauishii kwenye kutoa. Wakfu una msimamizi. Sadaka ambayo pampu yake imenyamaza mwaka wa pili imebaki kuwa kibao chenye jina la mtoaji. Anayechanga fedha za kuchimba na atenge pia fungu la vipuri na la kumfundisha fundi wa kijijini.

Serikali nayo isijifiche nyuma ya maneno matamu ya kuwashirikisha wananchi. Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya kupata maji safi na salama ya kutosha. Katiba hiyo hiyo imezikabidhi kaunti huduma za maji, na Sheria ya Maji ya 2016 inazitaka kaunti zifikishe huduma hiyo hata mashambani ambako hakuna faida ya kibiashara. Mwanakijiji anaweza kununua mpira wa pampu. Hawezi kununua mtambo mpya wa kisima cha mita mia na zaidi, wala hawezi kupima kama maji yana chumvi. Chini ya Habaswein na Dadaab kuna hazina kubwa ya maji ya ardhini inayojulikana kwa jina la Merti. Katikati yake maji ni matamu, lakini pembezoni ni ya chumvi. Kuchimba bila kupima ni kutupa fedha shimoni, na kupima ni kazi ya serikali.

Sasa narudi kwa walimu. Katika vijiji vingi, mwalimu ndiye mtu wa kwanza kuulizwa linapokuja suala la kuandika na kuhesabu. Msikatae mnapoombwa kuwa makatibu wa kamati za visima, lakini msikubali kuwa wenyewe wa visima. Fundisheni vijana wenu kutunza daftari la mapato na matumizi, lisomwe hadharani kila mwezi mbele ya wote, akina mama wakiwa safu ya mbele. Nanyi wanafunzi, jifunzeni ufundi wa pampu. Nchi hii ina uhaba wa mafundi wa maji kuliko ilivyo na uhaba wa makarani.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mpira mmoja uliochakaa, usipobadilishwa kwa wakati, huua pampu. Pampu ikifa, kijiji huhama, na shule hufungwa. Siku viongozi watakapokuja tena kukata utepe, wananchi na wawapigie makofi kwa adabu. Kisha mwanafunzi mmoja na asimame awaulize: daftari la kisima hiki liko wapi, na fundi wake ni nani?