Washauri wa Mahakama Wasiwe Pambo

Ndugu wafanyakazi wa Abuku na Koboko yote,

Mlinzi wa ghala akimpiga mwizi usiku, na mwizi akafa, asubuhi mlinzi ni mshtakiwa wa kuua kwa kukusudia. Kesi yake haiamuliwi na hakimu wa karibu. Inakwenda Mahakama Kuu, Arua, na adhabu ya juu ni kifo. Tunauliza: nani anaamua kwamba ana hatia?

Sheria ya mwaka 1971 iliagiza kesi za Mahakama Kuu zisikilizwe kwa msaada wa washauri wawili au zaidi, wale tunaowaita wazee wa baraza. Ni raia kama sisi. Wanasikiliza mashahidi, jaji anawaeleza ushahidi na sheria, kisha kila mmoja anatoa maoni yake. Lakini sheria hiyo hiyo ilisema jaji hafungwi nayo. Wazee wote wakisema kwa kauli moja kwamba mtu huyu hana hatia, jaji aweza kumtia hatiani, mradi aandike sababu. (Ilitungwa chini ya Idi Amin, na mwaka 1973 serikali yake ikaruhusu raia wahukumiwe na mahakama za kijeshi. Huko hata mzee wa baraza wa kupambia hakutakiwa.)

Marekani, mwaka 2020, Mahakama ya Juu iliamua kesi ya Evangelisto Ramos wa Louisiana. Wazee kumi walisema ana hatia, wawili wakakataa, naye akapewa kifungo cha maisha. Mahakama ikasema Katiba inataka wote kumi na wawili wakubaliane. Desturi ile ya Louisiana ilianza mwaka 1898, kusudi sauti ya weusi wachache barazani isihesabiwe.

Wapo wanaosema wazee hawajui sheria, wanahongeka, wanachelewesha kesi, heri waondolewe kama Kenya ilivyofanya mwaka 2007. Sisi hatukubali. Jaji mgeni husikia Kikakwa au Kilugbara kwa kinywa cha mkalimani. Mzee wa hapa anajua neno lililotamkwa kilabuni ni tishio la kweli au ni matani ya ulevi. Anajua pia mlinzi analinda gizani peke yake, na fimbo tu mkononi. Hayo hayamo katika vitabu vya sheria. Na kama tatizo ni hongo, aadhibiwe mla hongo.

Basi tunadai sheria ibadilishwe: washauri wote wakisema hana hatia, mshtakiwa aachiliwe. Serikali ikate rufaa ikitaka.

Na waajiri nao wasikilize. Mwenzetu akiitwa kuwa mshauri anakatwa mshahara wa siku hizo, kana kwamba alikwenda harusini. Ndiyo maana barazani hukaa wasio na kazi tu, halafu watu wanalalamika kwamba wanahongeka. Tunawataka viongozi wa chama waingize jambo hili katika mkataba ujao: siku za mahakamani zilipwe kamili.