Kijiji Kilichozama Chala

Kuna wasomi wetu ambao, wakisikia hadithi ya wazee, hukimbilia futi ya kuipimia. Ndivyo walivyoitendea hadithi ya Ziwa Chala, ziwa la kasoko lililo mashariki mwa Kilimanjaro, mpaka wa Kenya na Tanzania ukipita katikati yake. Hadithi yasema kwamba hapo palikuwa na kijiji cha Wamasai kilichozama, na kwamba milio ya mifugo yao ingali ikisikika huko chini. Msomi hujibu: mwaka 2016 tope la ziwa lilichimbwa zaidi ya mita 200, na la chini kabisa likakadiriwa kuwa na miaka 250,000 hivi, basi wazee wamesema uongo.

Sina ugomvi na tope. Lakini ni nani aliyeuliza umri wa ziwa?

Wako wengine waniudhio zaidi, kwa kuwa hujiita watetezi wa mapokeo. Hao hushangilia kwamba wazee walijua habari za volkeno kabla ya Wazungu. Huko nako ni kuidharau hadithi, maana huipa heshima pale tu inapofanana na kitabu cha jiolojia.

Tuitazame yenyewe. Charles New, mmisionari Mwingereza, alilifikia ziwa mwaka 1871 akitokea Taveta. Wataveta walikuwa wakulima walioishi ndani ya msitu, njia zake wakaziziba kwa malango kwa kuwahofia Wamasai. Basi anayezama katika hadithi si mtu yeyote tu. Ni jirani aogopwaye. Tena mifugo yake hairithiwi na mtu: yaendelea kulia majini, pasipo wa kuiswaga. Hapo pana hofu, pana kisasi, na labda (mimi hudhani hivyo) pana huruma. Hayo yatapimwa kwa futi gani?

Wala sisi tunaofundisha hatujasalimika na lawama. Hadithi tunayoisoma imetujia katika vitabu vya Kiingereza vya wasafiri wa karne ya 19 kama huyo New. Twaifasiri kwa Kiswahili, twaiita mapokeo ya wenyeji, kisha twaitungia mtihani. Katika madarasa niliyokaa sijasikia mwanafunzi akitumwa kuitafuta kwa Kitaveta, wala kuuliza kama Wamasai nao huisimulia, na kwao ni nani aliyezama. Kutoka Moshi hadi Taveta ni kama saa moja tu kwa gari.