Roboti ya kutembeza sawa, lakini mtaalamu wa mazoezi yuko wapi?

Video za mashine hizi zimeenea sana kwenye simu zetu. Mgonjwa aliyepooza kwa kiharusi amefungwa mikanda mwilini, akainuliwa kidogo ili miguu isibebe uzito wote, na miguu yenyewe imevishwa vyuma vyenye mota. Chini yake mkanda unazunguka kama ule wa jimu, na vyuma vinaipeleka miguu hatua baada ya hatua. Kila video ikitumwa, watu huuliza: mbona sisi Pwani hatuna?

Swali ni la haki, ila naona tunalianzia katikati.

Mashine inayojulikana zaidi katika aina hii ni Lokomat, iliyobuniwa Uswisi na kuanza kutumika hospitalini mwanzoni mwa miaka ya 2000. Ubongo ulioumia hujifunza tena kutembea kwa kurudia kitendo chenyewe mara nyingi. Mgonjwa asiyeweza kusimama huhitaji watu wawili au watatu wa kumshika, nao huchoka haraka. Mashine haichoki. Kwa kikao kimoja humpa mgonjwa mamia ya hatua.

Je, inasaidia? Cochrane, mtandao wa watafiti wanaokusanya na kupima tafiti za tiba, ulitoa tathmini yake 2020 kutokana na majaribio 62 yenye washiriki 2,440 waliopata kiharusi. Waliopata mashine pamoja na mazoezi ya kawaida walikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kutembea bila kushikwa, hasa walio katika miezi 3 ya kwanza na wasioweza kutembea kabisa. Lizingatie neno "pamoja". Mashine iliongezwa juu ya kazi ya mtaalamu, haikuchukua nafasi yake.

Kuna na upande wa pili. Utafiti wa Marekani uliochapishwa 2011 katika New England Journal of Medicine ulifuata wagonjwa 408. Baadhi walifundishwa kutembea kwenye mkanda unaozunguka huku wameinuliwa kwa mikanda. Wengine walifanya mazoezi ya nguvu na mizani nyumbani kwao chini ya mtaalamu, vikao 36 vya dakika 90. Baada ya mwaka, asilimia 52 ya washiriki wote walikuwa wameendelea katika kutembea, na hapakuwa na tofauti ya maana baina ya makundi. Ile haikuwa roboti, lakini fikra ni moja. Waliobaki nyumbani hawakuhitaji mashine ya gharama. Walihitaji mtu mwenye ujuzi anayebisha hodi kila wiki.

Hapo ndipo penye shida yetu. Shangazi yangu alipopooza upande wa kushoto, alitoka wodini na karatasi ya kwenda kuanza mazoezi ng'ambo ya feri. Kikao kimoja kilimaliza siku nzima, pesa za tuktuk kwenda na kurudi, na kijana wa kumbeba aliyeacha kazi yake. Alikwenda mara nne tu. Miezi ile 3 ambayo mwili hushika mafunzo upesi aliimaliza kitandani, akikandwa mafuta. Kukandwa kunaburudisha, lakini hakumfundishi mtu kutembea.

Na tumeshaona mashine zikitangulia watu. Mradi wa serikali wa kukodisha vifaa vya hospitali za kaunti ulianza 2015. Kufikia 2020, kamati maalumu ya Seneti iliripoti kuwa baadhi ya vifaa vilikaa bure kwa kukosa wataalamu, umeme au maji. Vililipiwa, lakini mgonjwa hakuviona.

Uchaguzi wa 2027 hauko mbali, na ahadi za vifaa vya kisasa hazitakosekana. Mwanasiasa akija barazani, tumuulize: kaunti imeajiri wataalamu wangapi wa fiziotherapia, na wangapi kati yao wanafika mitaani na vijijini? SHA inalipia vikao vingapi baada ya mgonjwa kutoka wodini? Mashine ikiharibika, fundi atatoka wapi na kwa muda gani?

Na sisi wenye wagonjwa tusingoje majibu hayo. Kabla hujamtoa mzee wako hospitali, omba yule atakayekaa naye nyumbani afundishwe mazoezi palepale wodini: namna ya kumshika, namna ya kumsimamisha kutoka kitini, mara ngapi kwa siku, na dalili gani zikitokea muache. Aonyeshwe, kisha naye afanye mtaalamu akimtazama.

Roboti ikija, ahlan wa sahlan. Lakini ije imkute mtaalamu kazini, na mgonjwa ameshaanza kusimama.